Breki ya Lori Si Kazi ya Haraka

Ndugu wanachama,

Mara nyingi karatasi yetu hii husema habari za mishahara, na ni vyema. Leo nataka kusema habari ya viatu viwili. Si viatu vya miguuni, ni viatu vya breki ya nyuma ya lori. Pengine mtu atauliza, Je, Chama chahusika nini na kazi ya fundi? Namwomba mtu huyo asome mpaka mwisho.

Mimi ni mtu wa reli. Kwetu treni haiondoki mpaka breki zijaribiwe. Mtu hutazama kama zinashika, hutazama tena kama zinaachia. Abiria wakipiga kelele na wapige, lakini breki kwanza. Lori kuukuu nalo hutoka gereji usiku, limebeba magunia mpaka juu, na hakuna aliyejaribu kitu ila dereva mwenyewe akifika penye mteremko.

Kabla ya kuandikwa reli nilifanya kazi katika gereji moja. Jioni moja tajiri alileta lori la zamani la Marekani, akasema lazima liwe njiani alfajiri na viazi. Mimi na mwenzangu tulifungua magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja, tukatupa viatu vyote vinne katika rundo moja. Taa ilikuwa moja tu. Tulipofunga, upande wa kushoto ulipata viatu viwili vya lainingi ndefu, na wa kulia viwili vya lainingi fupi. Asubuhi njia ilikuwa na utelezi. Dereva alikanyaga breki, upande mmoja ukashika kuliko wa pili, mkia wa lori ukageuka, likaingia mtaroni. Kwa rehema ya Mungu vilivyomwagika ni viazi tu. Lakini aliyekatwa mshahara ni dereva. Mimi nilinyamaza. Jambo hilo lanichoma hata leo, na ndiyo sababu naandika.

Basi sikilizeni jinsi ipasavyo. Katika breki za namna ile, ambazo hufuata mtindo wa Bendix, viatu viwili vya gurudumu moja si mapacha. Chenye lainingi fupi hukaa upande wa mbele wa lori, na chenye lainingi ndefu hukaa upande wa nyuma. Sababu yake ni hii: lori likienda mbele, dramu hukivuta kiatu cha mbele, nacho hukisukuma kile cha nyuma kwa kile chuma kinachoviunganisha chini. Kwa hiyo kiatu cha nyuma ndicho kifanyacho kazi kubwa, nacho hupewa lainingi kubwa. Ukivibadilisha, lori litasimama kwa shida na lainingi itakwisha upesi. Lakini si malori yote yaliyo hivyo. Mengine, hasa ya Kiingereza, viatu vyake vimeshikwa chini mahali pamoja, na mpango wake ni mwingine. Usibahatishe.

Njia ya kutobahatisha ni rahisi. Zuia magurudumu ya mbele, simamisha lori juu ya stendi imara, si juu ya jeki peke yake. Legeza breki ya mkono. Fungua upande mmoja tu, na upande wa pili uuache uwe mwalimu wako. Tazama kila springi imetoka tundu gani. Chuma cha kurekebishia cha kushoto usikipeleke kulia, kwa maana mara nyingi nyuzi zake zimekatwa kinyume. Kama lainingi imelowa oili au maji ya breki, usiioshe kwa petroli na kuirudisha. Itupe, kisha ziba kwanza panapovuja. Ukiweka mpya, weka pande zote mbili. Grisi ni kidogo tu, pale kiatu kinaposuguana na bamba, na isiguse lainingi kamwe. Mwisho kaza mpaka gurudumu lisizunguke, kisha legeza mpaka lizunguke kwa uhuru. Jaribu polepole uwanjani bila mzigo.

Kuna na jambo la vumbi. Lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi lake huingia mapafuni na kukaa, na baada ya miaka mingi huleta ugonjwa wa mapafu na kansa. Uingereza ilikataza asbesto yote mwaka 1999. Hata hivyo nimewaona vijana wakipuliza dramu kwa mdomo, au kwa upepo wa mashine, gereji nzima ikajaa. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa chenye unyevu, kisha usikipeleke kitambaa hicho nyumbani kwa watoto.

Sasa naja kwenye Chama. Haya yote yataka saa, taa, stendi, springi mpya na vyombo vya kuzuia vumbi. Fundi hawezi kuvitoa mfukoni mwake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka tajiri ampe mfanyakazi vyombo vya kujikinga, tena yamkataza kumfukuza mtu kwa kuwa alilalamika juu ya hatari. Lakini sheria bila Chama ni kama breki bila lainingi, chuma kwa chuma.

Mwezi wa Juni 2023, penye njia panda ya Londiani, lori liliwaangukia watu kando ya barabara, wakafa zaidi ya 45, wengi wao wachuuzi na wasafiri. Sisemi chanzo kilikuwa breki, hiyo si kazi yangu. Nasema ya kwamba lori likitoroka, afaye si mwenye lori. Ni dereva, ni turnboi, ni mama auzaye mboga.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Kila tawi lidai ya kwamba lori lisitoke gereji mpaka breki zijaribiwe na fundi na dereva pamoja, nao wote wawili waandike majina yao kitabuni. Fundi akiharakishwa, aseme hapana, na sisi tusimame nyuma yake. Na akikosea, aseme nimekosa, asimwachie dereva mzigo kama nilivyofanya mimi.

Haraka haraka haina baraka.

Ni mimi mwenzenu,
Mtu wa Reli