Meru Inahitaji Njia, Si Marufuku

Tarehe 28 Julai 2025, Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati huo, Selemani Jafo, alitoa amri ya kuwazuia watu wasio raia kufanya biashara 15 nchini Tanzania. Umo mle ufundi simu, uwakala wa kutuma na kupokea fedha, saluni, udalali wa nyumba na viwanja, ununuzi wa mazao shambani, na umo uongozaji wa watalii. Mgeni akipatikana na hatia faini yake haipungui shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, na viza yake inafutwa. Raia aliyemkingia kifua naye ana faini ya milioni 5 au miezi mitatu ndani. Chimbuko la amri linajulikana: malalamiko ya wafanyabiashara wa soko la Kariakoo waliochoka kushindana na Wachina katika bidhaa za rejareja. Lakini huku Arusha, kila inapozungumzwa, inazungumzwa kama vile ajira za mlimani zimeshapatikana.

Hazijapatikana. Kwa kijana wa Usa River anayetaka kuishi kwa kuwatembeza wageni kwenye mteremko wa Mlima Meru, amri ile haijaongeza hata siku moja ya kazi, na haiwezi kuiongeza.

Tuanze na jambo ambalo washangiliaji hawalitaji. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 ilikwisha kuziweka shughuli za kupandisha watu milimani na za kuongoza watalii mikononi mwa Watanzania peke yao. Yaani amri ya 2025 imekataza kilichokuwa kimekatazwa kwa miaka 17. Kama kumzuia mgeni ndiko kungeleta kazi, kazi hizo zingekuwa zimefika vijiji vya Poli, Nkoaranga na Mulala zamani, na waliozaliwa mwaka ilipopitishwa sheria ile wangekuwa leo wanajifunza uongozaji kwa kaka zao.

Wanaoitetea amri wana hoja. Wanasema sheria ya 2008 haikuwa na meno ya kutosha, na kwamba wapo wageni wanaoingia kwa viza ya matembezi kisha wanaongoza makundi kimyakimya. Wapo, na wakikamatwa sitawalilia. Kenya nayo ililalamika kwamba amri inavunja Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ambayo imekuwa ikitumika tangu 2010. Hayo watayamaliza mawaziri wenyewe. Hoja zote mbili zinahusu nani asimame mbele ya mtalii. Hakuna anayeuliza mtalii huyo atapita wapi.

Hapo ndipo penye shida yote.

Simama Leganga asubuhi, pale barabara ya Momella inapoachana na lami kuu ya Arusha na Moshi. Magari ya watalii yanakata kushoto, vioo vimepandishwa kwa sababu ya vumbi, mizigo imefungwa turubai juu ya keria. Yanapita mbele ya wauza ndizi, mbele ya vijana wa bodaboda, mbele ya fundi baiskeli aliyepindua Phoenix juu chini akikaza spoku, na hayasimami mpaka geti la hifadhi ya taifa. Ndani, mgeni anapita Serengeti Ndogo anakopiga picha twiga, anafika Momella, kwenye mwinuko wa kama mita 1,500, na kutoka hapo ndipo anapoanza kutembea. Atalala kwenye vibanda vya Miriakamba usiku wa kwanza, vya Saddle usiku wa pili, atapanda Meru Ndogo kwenye mita 3,820 kuzoeza mapafu, kisha usiku wa manane atashika ukingo wa kreta hadi kilele cha Socialist, mita 4,566. Siku tatu au nne baadaye anarudi Momella ileile, anapanda gari lilelile, na anapita Leganga tena vioo vikiwa juu.

Hiyo ndiyo njia pekee inayoruhusiwa kwenda kileleni. Njia za upande wa magharibi zimefungwa kwa wapandaji. Na kwenye njia hiyo moja anayetangulia ni askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati na tembo. Ni utaratibu wa lazima na sina ugomvi nao. Askari huyo ni mtumishi wa shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, Mtanzania mwenzetu. Kwa hiyo hata kabla waziri hajashika kalamu, hapakuwa na mgeni wa kumwondoa pale mbele. Kazi inayobaki kwa wanakijiji ni ya wagumu wanaobeba mizigo, nayo inagawiwa na kampuni, ambazo nyingi zina ofisi zake mjini Arusha.

Linganisha na jirani yetu, ambaye asubuhi isiyo na mawingu tunamwona waziwazi upande wa mashariki. Kilimanjaro una njia za Marangu, Machame, Umbwe, Rongai na Lemosho, na ya Mweka ya kushukia. Marangu na Machame ni vijiji vilivyokuwapo kabla ya kuwa mageti. Yohani Kinyala Lauwo, anayetajwa kuwa miongoni mwa walioandamana na Hans Meyer kupanda mlima ule mwaka 1889, alikuwa mtu wa Marangu, na kijiji chake kimeendelea kutoa waongozaji, wapishi na wagumu kizazi baada ya kizazi. Hakuna amri ya waziri iliyowafanya wawe hivyo. Walikuwa hivyo kwa sababu njia ilianzia nyuma ya migomba yao, na mgeni hakuweza kuufikia mlima bila kupita kwao kwa miguu. Hata baiskeli zimeruhusiwa kwenye mlima ule, kwa njia ya Kilema.

Sasa tazama ubavu wetu wa Meru, upande wa kusini, juu ya Usa River. Kuanzia barabara kuu kwenda juu kuna mtandao wa vinjia usiokwisha. Vinapita kati ya kahawa na migomba, vinafuata mifereji ya maji, vinavuka vijito kwa gogo moja, vinatokeza nyuma ya makanisa na shule, vinaingia shamba la miti la Meru/Usa linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na vinakoma kwenye mpaka wa hifadhi. Mwenye miguu mizuri anaweza kutembea kutwa bila kukanyaga barabara ya magari. Mwenye baiskeli ya milimani anapata miteremko ambayo watu wa Ulaya wanasafiri mbali kuitafuta. Wapo wanaokuja, wakiongozwa na vijana wachache wenyeji. Mpango wa utalii wa kitamaduni, ulioasisiwa mwaka 1996 kwa ushirikiano wa Bodi ya Utalii na shirika la Kiholanzi la SNV, ulionyesha katika vijiji kama Mulala na Ng'iresi kwamba mgeni yuko tayari kulipia matembezi ya nusu siku, chakula cha mchana na mazungumzo. Ziwa Duluti pale Tengeru watu wanalizunguka kwa miguu kila wiki.

Lakini vinjia hivyo havina hadhi yoyote. Hakuna ramani rasmi inayovionyesha. Hakuna kibao. Hakuna anayejua kwa hakika nani ana haki ya kupita wapi. Mwenye shamba akijenga uzio kesho, njia iliyopitwa na babu zake inakufa, na kijana aliyekuwa akiwapitisha wageni hapo anakosa kwa kwenda kushtaki. Kampuni ya utalii haiwezi kuiuza njia inayoweza kutoweka kabla mteja hajafika. Bima haiwezi kuikubali. Kwa hiyo kampuni inafanya inachoweza: inampakia mgeni kwenye gari na kumpeleka getini, mahali ambapo kila kitu kimeandikwa. Kijiji kinabaki na vumbi.

Uswisi, nchi ambayo vijiji vyake vya Alpi ndivyo mfano wa dunia kwa utalii wa kutembea milimani, ilifanya nini? Mwaka 1979 wapigakura wake waliingiza njia za watembea kwa miguu ndani ya katiba ya nchi. Mwaka 2018 wakapiga kura tena, wakaongeza za baiskeli. Leo wana zaidi ya kilomita 60,000 za njia zenye alama, na kubwa kuliko yote ni vile vibao vya njano vinavyomwambia mtu amebakiza saa ngapi za kutembea hadi kijiji kinachofuata. Nyingi zinapita kwenye malisho ya watu binafsi, katikati ya ng'ombe. Anayefaidika ni mwenye nyumba ya wageni, mwenye duka la mkate, fundi wa baiskeli, mwongozaji wa kijijini. Walilinda njia, na njia ikazaa kazi. Sisi tunalinda kazi ambayo haina mahali pa kufanyiwa.

Najua kwa nini viongozi wa huku wanasita, na sababu moja naiheshimu. Wameru wana historia na ardhi. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, nyumba zikachomwa, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasilisha kilio chao Umoja wa Mataifa. Mzee wa Meru akisikia kwamba mtu anakuja na ramani na vigingi kwa ajili ya watalii, lazima aulize mpaka utahamia wapi. Ni swali halali. Jibu lake ni kwamba njia hizi ziwe mali ya kijiji, ziandikwe na kijiji chenyewe katika mpango wa matumizi ya ardhi, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavyoipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake. Zisiwe za hifadhi wala za mwekezaji. Njia iliyoandikwa hivyo inamlinda mzee huyo pia, maana mtu hawezi kuinunua na kuifunga usiku mmoja.

Sababu nyingine siziheshimu. Tunaambiwa usalama: kwamba wageni wakitawanyika vijijini hawatalindika. Wageni hao hao wanapita sokoni Tengeru bila askari. Tunaambiwa wanyama: ng'ombe wa Nkoaranga si nyati wa Momella, na vinjia ninavyovisema viko nje ya hifadhi. Tunaambiwa mapato: kwamba mgeni akitembea kijijini halipi getini. Kwa nini mwanakijiji anayeishi na mlima huu akae na njaa ili ada yote ikusanywe mahali pamoja? Na si kweli kwamba geti litapungukiwa. Anayekuja kupanda Meru atapanda Meru. Akipata njia nzuri za kutembea na kuendesha baiskeli chini yake, atabaki siku mbili zaidi. Siku hizo mbili ndizo ajira. Zinalala Usa River, zinakula Usa River, zinakodi baiskeli Usa River. Kila mtu aliyewahi kufanya kazi katika utalii anajua kwamba fedha inafuata usiku anaolala mgeni, na bado tumetumia nguvu za wizara nzima kuhesabu pasipoti.

Kinachohitajika si kikubwa. Halmashauri ya Wilaya ya Meru inaweza kuanza na njia tano tu: mbili za miguu, mbili za baiskeli, moja ya familia na watoto wa shule. Ziwekwe alama, zipimwe, wenye mashamba walipwe sehemu ya tozo inayokusanywa na kijiji chenyewe kwa risiti. TFS waruhusu njia ya juu ipite ndani ya shamba la miti. Vijana wapewe mafunzo ya huduma ya kwanza na kitambulisho kinachotolewa wilayani, bila kulazimika kusajili kampuni mjini ili waruhusiwe kumwonyesha mtu kijito alichozaliwa karibu nacho.

Madiwani wa kata za ubavuni, kikao cha bajeti kinawahusu ninyi, si Waziri wa Viwanda na Biashara. Ingieni na orodha ya njia zenu mkononi, zikiwa na majina ya vitongoji zinamopita na saini za wenye mashamba, na msitoke mpaka zimetengewa fedha.