Kufundisha Upangaji wa Vipimo vya Kubana Data: Maoni ya Mkufunzi

Wakufunzi wenzangu watakubaliana nami kwamba somo la kompyuta, tangu liingie katika vyuo vyetu vya ualimu, limekuwa likifundishwa kwa namna ile ile tuliyozoea kuilaumu katika masomo mengine: mkufunzi huandika ubaoni, mwanachuo hunakili, na siku ya mtihani hurudisha kilichoandikwa. Katika makala haya nakusudia kuzungumzia sehemu moja ndogo tu ya somo hilo, nayo ni upangaji wa vipimo vya kubana data pasipo kupoteza hata herufi moja. Huenda msomaji akaiona kuwa ni kazi ya mafundi, isiyostahili kurasa za jarida la mbinu za kufundishia. Mimi pia niliiona hivyo, mpaka kosa langu liliposafiri siku mbili kwa basi na kumwangukia asiyekuwa na hatia.

Miaka michache iliyopita, wanachuo wetu walipokuwa wakijiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, tulikusanya zana za kuchukua: matini ya kamusi elezo, maswali ya mitihani ya zamani, majedwali ya mvua na ya sensa. Jumla yake ilikaribia gigabaiti 3, ilhali flashi tulizokuwa nazo zilikuwa za gigabaiti 1. Nilikuwa nimewafundisha darasani kwamba katika maktaba ya programu iitwayo Zstandard, kadiri namba ya kiwango inavyopanda ndivyo faili linavyozidi kuwa dogo. Mwanachuo mmoja, mwenye bidii kuliko wenzake, alilifuata fundisho hilo mpaka mwisho wake. Alichukua kiwango cha 22, kilicho cha juu kabisa, na zaidi ya hapo akalipanua dirisha la utafutaji hadi kipeo cha 31. Faili lake likatoka dogo kuliko ya wenzake wote, nami nikamsifu mbele ya darasa.

Alipofika shuleni alikopangiwa, kompyuta iliyokuwapo ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 1. Programu ilikataa kulifungua faili, ikitoa taarifa kwamba linadai kumbukumbu nyingi mno. Wiki yote ya kwanza mwanachuo yule alifundisha kwa ubao mtupu, na mkufunzi aliyekwenda kumkagua akaandika kwamba amekuja bila zana. Alama ile haikufutwa. Nilipoelezwa habari hizi, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kutafuta kosa lake. La pili, baada ya kulikosa, lilikuwa kusoma upya yale niliyoyaandika ubaoni.

Tueleze kwanza chanzo cha mkasa wenyewe. Njia iliyo msingi wa maktaba nyingi za aina hii ilielezwa na Abraham Lempel na Jacob Ziv mwaka 1977. Programu inayobana hupita katika matini kutoka mwanzo. Ikikuta kipande kilichokwisha kutokea nyuma, haikiandiki tena, bali huandika agizo: rudi nyuma hatua kadhaa, nakili alama kadhaa. Umbali ambao inaruhusiwa kurudi nyuma ndio uitwao dirisha. Sasa, ili agizo hilo litekelezeke, anayelifungua faili hana budi awe ameyahifadhi mbele yake yale yaliyopita, kwa urefu ule ule wa dirisha. Kipeo cha 31 maana yake ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 31, yaani baiti zinazotimia gigabaiti 2. Kompyuta ya gigabaiti 1 ingezipata wapi? Zstandard yenyewe, kwa tahadhari, hukataa kufungua dirisha linalozidi kipeo cha 27, ambacho ni megabaiti 128, isipokuwa mwenye kompyuta aagize vinginevyo. Na hata angeagiza, asingefanikiwa.

Mbona basi mimi niliamini kwamba namba kubwa haina madhara? Jibu ni kwamba nilijifunza kazi hii kwa zlib, maktaba ya Jean-loup Gailly na Mark Adler iliyotolewa mwaka 1995, ambayo mpaka leo imo karibu katika kila kompyuta. Katika zlib dirisha haliwezi kuzidi kilobaiti 32. Faili lililobanwa kwa kiwango cha 1 na lile lililobanwa kwa kiwango cha 9 hufunguliwa kwa kumbukumbu ile ile, kilobaiti 32 na ziada ndogo. Kinachoongezeka kiwango kinapopanda ni taabu ya anayebana: katika kiwango cha 1 hutazama nafasi 4 tu za nyuma zinazoweza kufanana na kipande alichonacho; katika kiwango cha 6 hutazama hadi 128; katika kiwango cha 9 hadi 4,096. Isitoshe, kuanzia kiwango cha 4 haikubali mara moja kipande ilichokipata, bali husogea hatua moja kwanza na kuangalia kama kuna kirefu zaidi. Kazi yote hiyo hufanyika upande mmoja. Msomaji wa mwisho haihisi kamwe. Hivyo kanuni yangu ilikuwa ya kweli katika zlib, nami nikaipeleka mahali isipohusika, mfano wa mtu aliyezoea kuogelea kisimani akadhani ameijua bahari.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Sisi tumekuwa tukifundisha vipimo hivi kana kwamba ni ngazi moja, ambayo mwanachuo hupanda apendavyo. Kwa kweli ni vitu vya aina mbili. Vipo vinavyomgharimu anayebana peke yake, kama vile idadi ya nafasi za kutazama. Na vipo vinavyomgharimu pia anayefungua, na kikubwa miongoni mwake ni dirisha. Namba ya kiwango huvichanganya vyote katika jina moja. Katika xz, kwa mfano, faili la kiwango cha 6 hufunguliwa kwa megabaiti 9 za kumbukumbu, bali la kiwango cha 9 hudai megabaiti 65. Na anayebana kwa kiwango hicho cha 9 huhitaji megabaiti 674. Mwanachuo aliyekariri viwango bila kuijua tofauti hii hajui lolote la kumsaidia shuleni, hata kama amepata alama zote.

Naombwa mara kwa mara nieleze jambo hili litafundishwaje kwa watu ambao wengi wao hawajawahi kuandika programu. Mimi sasa nalifundisha bila kompyuta. Naandika ubaoni methali waijuayo wote, haba na haba hujaza kibaba, ambayo pamoja na nafasi za katikati ina alama 26. Mwanachuo mmoja anakuwa mbanaji, mwingine anakuwa mfunguaji na kutolewa nje ya darasa. Sharti ni kwamba kipande kisichofika alama 3 hakinakiliwi. Mbanaji huandika alama 8 za mwanzo kama zilivyo. Anapofika kwenye haba ya pili anagundua kwamba imekwisha kupita, naye anaandika: rudi nyuma 8, nakili 5, kwa kuwa nafasi inayoifuata haba nayo inafanana. Kisha anaendelea kwa alama 10 za kawaida mpaka kwenye b ya kwanza ya kibaba, na hapo wachache wenye macho makali hugundua kwamba herufi tatu zilizosalia, aba, zimekwisha kuonekana: rudi nyuma 14, nakili 3. Alama 26 zimekuwa 18 na maagizo mawili. Mfunguaji huitwa ndani, akapewa karatasi ile, naye akairudisha methali nzima. Darasa hushangilia kila mara, hata lile la wanachuo wazima wenye watoto nyumbani.

Baada ya hapo ndipo somo lenyewe huanza. Namwambia mbanaji kwamba dirisha ni 10. Lile agizo la kwanza linabaki, maana 8 haizidi 10. La pili linapotea, naye hana budi kuandika aba kwa herufi zake. Karatasi imekuwa ndefu kidogo. Halafu namgeukia mfunguaji na kumpa kipande cha karatasi chenye vyumba 10 tu vya kuhifadhia yaliyopita, kila alama mpya ikiisukuma nje ile ya zamani kabisa. Anapopewa maagizo ya dirisha la 10 anafaulu. Anapopewa yale ya mwanzo, anafika kwenye "rudi nyuma 14" na kusimama. Hana pa kurudi. Simwelezi neno wakati huo, nawaacha wenzake wamtazame. Katika miaka yangu ya kufundisha sijapata zana ya bei nafuu kuliko kile kipande cha karatasi.

Wapo wenzangu wanaosema kwamba yote haya ni kupoteza vipindi, kwa kuwa waliotengeneza maktaba wamekwisha kuweka kiwango cha kawaida, na mwanachuo akikiacha kama kilivyo hatakosea. Hoja hii ina uzito, wala siipuuzi. Nakiri kwamba mimi mwenyewe huwaambia wanachuo waanze na kiwango hicho na wasikiguse pasipo sababu. Lakini tukiangalia viwango vya kawaida vyenyewe tutaona mambo. Katika zlib ni cha 6 kati ya 9. Katika Zstandard, iliyotungwa na Yann Collet na kutolewa na kampuni ya Facebook mwaka 2016, ni cha 3 kati ya 22. Katika maktaba ya Brotli ni cha 11, na 11 ndicho cha juu kabisa. Je, watungaji hawa walikosana? La hasha. Brotli ilikusudiwa hasa kurasa zinazobanwa mara moja na kusomwa mara nyingi, kwa hiyo mtungaji hakuona vibaya anayebana achelewe. Atakayeichukua Brotli kama ilivyo na kubana nayo papo hapo kila ukurasa unapoombwa ataona kompyuta yake ikielemewa, ingawa hakugusa kipimo chochote. Kiwango cha kawaida ni maoni ya mtungaji juu ya kazi aliyoifikiria yeye. Anayekitumia sharti ajue kama kazi yake inafanana na hiyo.

Jambo jingine la namna hiyo ni namba ya ukaguzi, ambayo huongezwa mwishoni mwa faili ili anayefungua ajue kama limeharibika njiani. Programu ya Zstandard inayotumiwa kwa kuandika amri huiongeza yenyewe. Maktaba ya Zstandard, inapoitwa kutoka katika programu nyingine, haiiongezi mpaka iagizwe. Mwanachuo aliyezoea ile ya kwanza akiandika programu yake mwenyewe atadhani amelindwa, kumbe sivyo. Flashi zetu zinavyopita mikononi na katika mavumbi ya safari, huu si ulinzi wa kuuachia bahati. Ila tusizidishe: picha na filamu zilizokwisha kubanwa kwa njia nyingine hazipungui kwa kiwango chochote, na nimeona wanachuo wakiunguza saa nzima ya umeme wa jenereta kwa kutaka kuzipunguza. Hapo kipimo kinachofaa ni kutobana.

Kuhusu mitihani, nakiri kosa langu lingine. Kwa miaka minne mfululizo swali langu lilikuwa: "Taja viwango vya zlib na ueleze kipi hubana zaidi." Mwanachuo yule niliyemtaja alipata alama zote katika swali hilo. Sasa nauliza hivi: mwalimu ana gigabaiti 2 za matini, flashi ya megabaiti 500, na shule yenye kompyuta ya kumbukumbu ya megabaiti 512, achague maktaba, kiwango na dirisha, na aeleze nani atalipa gharama ya kila alichokichagua. Jibu sahihi si moja. Kusahihisha kunachukua siku tatu badala ya nusu siku, na baadhi ya wakufunzi katika idara yetu wamelalamika, kwa haki, kwamba hatukuongezewa muda.

Tumekubaliana pia idarani kwamba hakuna furushi la zana litakaloondoka chuoni kabla ya kufunguliwa katika kompyuta kuukuu iliyo stoo, ile ambayo tulikuwa tumepanga kuitupa. Muhula uliopita mafurushi mawili yalikataa kufunguka humo. Yalirudishwa, yakabanwa upya kwa dirisha la kipeo cha 23, yakawa makubwa kidogo, na yakaenda. Na barua ya kuomba alama ya mwanachuo wetu iangaliwe upya nimeiandika mara mbili, bado sijajibiwa.