Ukimya wa Nakala za Akiba

Katika darasa langu la utawala wa umma hupenda kusimulia kisa cha GitLab, kampuni inayowahifadhia watengeneza programu kazi zao. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wake aliyechoka alikusudia kufuta folda katika seva ya pili. Kumbe alikuwa ndani ya seva kuu. Alipositisha amri, kati ya takriban gigabaiti 300 zilisalia 4.5 tu.

Wakakimbilia nakala za akiba. Ghala lilikuwa tupu! Hifadhidata yao ilikuwa PostgreSQL toleo la 9.6, ilhali pg_dump, chombo cha kuchukulia nakala, kilikuwa kikiendeshwa kwa toleo la 9.2; kilipoona tofauti hiyo, kikagoma. Wala hakikugoma kimyakimya. Kilituma taarifa za hitilafu kwa barua pepe, lakini seva ya upokeaji ikazikataa kwa kuwa uhalali wa mtumaji haukuthibitika. Kilichowaokoa ni nakala aliyoichukua mhandisi yuleyule kwa mkono, saa sita kabla, kwa ajili ya majaribio tu. Hata hivyo, miradi ipatayo 5,000 na akaunti mpya zipatazo 700 ziliathirika.

Kosa la vidole mimi nalisamehe. Lisilosameheka, kwa maoni yangu, ni jambo ambalo kampuni yenyewe ililikiri hadharani: hakuna aliyekabidhiwa jukumu la kujaribu kama nakala hizo zinarejesheka. (Ungamo la namna hiyo ofisi zetu bado hazijalizoea.)

Ndugu mtumishi wa umma, taarifa yako ya robo mwaka husema nakala huchukuliwa kila siku. Sentensi hiyo hata GitLab wangeiandika, tena kwa nia njema. Andika badala yake tarehe ambayo nakala ilirejeshwa mara ya mwisho katika seva nyingine, muda uliotumika, na jina la aliyehakiki. Nanyi wanaharakati mnaodai haki ya kupata habari, ulizeni hayo kuhusu hati za ardhi na michango ya pensheni. Kumbukumbu iliyopotea haiwezi kudaiwa mahakamani.

Nami nimeanzia nyumbani. Mwezi uliopita niliwaandikia wanaotunza matokeo ya wanafunzi wetu nikiuliza mambo hayo matatu. Jibu lilikuwa la mstari mmoja: mfumo haujaleta taarifa yoyote ya hitilafu.