Si Kila Homa ya Muda Mrefu ni Kifua Kikuu

Mkazi wa Itaka, wilayani Mbozi, anayekohoa, mwenye homa na anayekonda hushukiwa kwanza kuwa na kifua kikuu. Shaka hiyo ni sahihi, lakini haitoshi. Histoplazimosisi, ugonjwa wa fangasi wanaoishi kwenye udongo wenye kinyesi cha popo na ndege, huleta dalili hizohizo na huweza kusambaa mwilini, hasa kwa anayeishi na VVU.

Mjini Moshi, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima wagonjwa 970 waliolazwa kwa homa. Tisa walionekana kuwa na uwezekano wa kuugua ugonjwa huo, lakini hakuna aliyekuwa ameshukiwa kuwa nao. Zaidi ya nusu walidhaniwa kuwa na kifua kikuu.

Aina ya Kiafrika hujificha zaidi: huanza kwa vinundu vya ngozi, tezi kuvimba au maumivu ya mifupa. Dawa za kutibu fangasi hao zipo. Hivyo, mgonjwa asiyepata nafuu asikatishe dozi ya kifua kikuu, bali arejee kituoni, aoneshe vinundu na kuomba uchunguzi zaidi.