Chuo cha Ualimu Kikaguliwe kwa Vihatarishi, Siyo kwa Ukaribu na Lami

Makamanda, tuache kidogo habari za nani kahama chama. Leo naleta jambo ambalo halijazi mkutano wa hadhara, lakini ndilo linaloamua mdogo wako atafundishwa na nani: ratiba ya ukaguzi wa vyuo vya ualimu.

Nianze na sheria, maana ndiyo ninayosoma. Ibara ya 11 ya Katiba inasema kila mtu anayo haki ya kujielimisha. Tamu sana. Sasa rudi nyuma usome Ibara ya 7(2): masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama yoyote. Yaani mzazi ambaye mwanawe kamaliza darasa la saba hajui kusoma hana mlango wa mahakama wa kugonga. Amebakiwa na mkaguzi, ambaye siku hizi tunamwita mthibiti ubora. Mkaguzi asipofika, ile haki inabaki wino.

Na asipofika chuoni, hasara ni kubwa kuliko asipofika shuleni. Piga hesabu. Mwalimu anaajiriwa na miaka 25, anastaafu na 60. Akipokea wanafunzi wapya 40 tu kwa mwaka, ni watoto 1,400. Chuo kibovu kikitoa walimu 100, ni watoto 140,000, na hao ni wahitimu wa mwaka mmoja tu.

Tumeshapita huko. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, walimu wa UPE waliandaliwa haraka haraka. Shule za kata zilipofumuka miaka ya 2000, vijana waliotoka kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache na kusukumwa darasani; mtaani wakaitwa yeboyebo. Mimi ni zao la shule ya kata. Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa ananakili kitabu ubaoni, ukimuuliza swali anatoka nje. Simlaumu yeye. Cheti alikuwa nacho. Ninachouliza ni hiki: chuo kilichompa kile cheti kilikaguliwa lini, na nani alipanga kikaguliwe au kisikaguliwe?

Kuna wenzetu wanasema vyuo vyote vikaguliwe sawasawa, ndiyo haki. Hapana aisee. Gari likiwa moja na mafuta ya kubahatisha, "sawasawa" inageuka kuwa chuo kilicho kando ya lami. Haki ni kwenda kwanza palipo na moto. Chuo ambacho udahili umepanda ghafla na wakufunzi ni wale wale. Chuo ambacho ufaulu umeruka mwaka mmoja bila maelezo. Chuo ambacho wanachuo wanamaliza mazoezi ya kufundisha bila mkufunzi kuwatembelea hata mara moja. Hiyo ndiyo tathmini ya vihatarishi, na mimi naiunga mkono.

Lakini tusidanganyane. Vihatarishi vikipimwa gizani, vinakuwa fimbo. Mkurugenzi wa chuo binafsi akionekana kwenye mkutano wetu Jumamosi, Jumatatu wakaguzi wako getini, eti "mfumo umeonyesha". Wapo makamanda wanaoipinga tathmini hii kwa sababu hiyo hiyo. Nawaelewa, ila dawa yake ni kuiandika kwenye kanuni, ili aliyeonewa awe na karatasi ya kushika mahakamani. Tukiikataa tu, uamuzi unabaki kichwani mwa ofisa mmoja, na kichwa cha mtu hakikatiwi rufaa.

Kwa hiyo tudai haya manne.

Moja, vigezo na uzito wake vichapishwe, na vyuo vya serikali vipimwe kwa mizani ile ile ya vyuo binafsi.

Mbili, chuo kisisamehewe kwa sababu ya sifa za zamani. England walijaribu kwenye shule zao: mwaka 2012 shule zenye daraja la juu kabisa ziliondolewa kwenye ukaguzi wa kawaida, msamaha ukafutwa 2020. Wakaguzi waliporudi, mwaka wa masomo 2021/22, zaidi ya shule nne katika kila tano walizozikagua zilishushwa daraja. Sifa ilikuwa imebaki kwenye bango la getini. Sisi tuseme hivi: chuo chochote kisipite miaka mitatu bila kukaguliwa, na kila mwaka vingine vichaguliwe kwa kura.

Tatu, chuo kionyeshwe alama zake na kisikilizwe kabla ya kuadhibiwa. Ibara ya 13(6)(a) inatosha hapo.

Nne, ripoti ziwekwe wazi. Kijana anayelipa ada ajue anaingia wapi kabla hajajaza fomu.

Kazi ya wiki hii, usiishie kulike na kushare. Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Kaandike barua, iwe na jina lako na sahihi yako, uulize maswali mawili: chuo cha ualimu kilicho karibu na kwenu kilikaguliwa mara ya mwisho lini, na kilichaguliwa kwa vigezo gani? Baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Wakijibu, tunachapisha hapa. Wakinyamaza, nakala zenye mhuri ndizo tutakazoanza nazo.

Aluta continua.