Mchango wa pensheni nchini Rwanda waongezeka maradufu: nani anabeba mzigo?

Tangu Januari 2025, mwajiriwa nchini Rwanda anakatwa asilimia 6 ya mshahara wake kwa ajili ya pensheni, badala ya asilimia 3 aliyoizoea. Mwajiri wake naye anatoa kiasi hicho hicho. Jumla ya mchango imepanda kutoka asilimia 6 hadi 12, na hayo ni mabadiliko ya kwanza ya kiwango hicho tangu mwaka 1962. Safari haijaisha: kuanzia 2027 mchango utaongezeka kwa asilimia 2 kila mwaka, hadi kufikia asilimia 20 mwaka 2030, mwajiri na mwajiriwa wakigawana nusu kwa nusu.

Serikali imeeleza sababu zake waziwazi. Wanyarwanda wanaishi miaka mingi zaidi kuliko zamani, gharama za maisha zimepanda, na pensheni nyingi zilikuwa duni kupita kiasi. Mageuzi hayo yalipoanza, pensheni ya chini kabisa ilipandishwa kutoka faranga 13,000 kwa mwezi hadi 33,710. Ni vigumu kumpata mtu atakayepinga nyongeza hiyo. Swali linaloulizwa maofisini na viwandani ni jingine: nyongeza ya mchango inatoka katika mfuko wa nani, na mchangiaji wa leo atarudishiwa nini kesho?

Hesabu ya mshahara mmoja

Jibu huanzia kwenye hati ya mshahara. Tumchukue mfanyakazi mwenye mshahara ghafi wa faranga 200,000 kwa mwezi, asiye na posho yoyote. Kodi ya mapato ya ajira huhesabiwa kwa ngazi. Faranga 60,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kiasi kinachofuata hadi 100,000 hutozwa asilimia 10, kinachofuata hadi 200,000 hutozwa asilimia 20, na kinachozidi hapo asilimia 30. Mfanyakazi wetu basi analipa kodi ya faranga 24,000.

Baada ya kodi huja michango. Pensheni ni faranga 12,000. Mfuko wa likizo ya uzazi, ambao kila upande huchangia asilimia 0.3, unachukua faranga 600. Zinabaki 163,400. Kutoka kiasi hicho hukatwa asilimia 0.5 ya kusaidia bima ya afya ya jamii, maarufu kama mituweli, yaani faranga 817. Mkononi anapokea 162,583. Kwa kiwango cha zamani cha pensheni angepokea 168,553. Tofauti ni faranga 5,970 kila mwezi.

Kwa upande wa mwajiri, gharama haikomei kwenye zile 200,000. Anaongeza pensheni 12,000, mfuko wa uzazi 600, na asilimia 2 ya ajali na magonjwa ya kazini ambayo hulipwa na mwajiri peke yake, yaani 4,000. Kazi ya mtu huyo inamgharimu faranga 216,600.

Haki inadai tukumbuke pia kwamba kodi imepungua katika miaka hii. Kabla ya sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 2022, mshahara huo huo ulitozwa kodi ya faranga 44,000, kwa sababu msamaha uliishia kwenye faranga 30,000 na asilimia 30 ilianza kutozwa baada ya 100,000. Ukilinganisha na miaka hiyo, mfanyakazi huyu bado ana nafuu. Lakini nafuu hiyo inamezwa kidogo kidogo: mwaka 2030 sehemu yake ya mchango wa pensheni pekee itakuwa faranga 20,000.

Zaidi ya hayo, kodi na mchango havitembei pamoja. Kodi humwacha mtu wa kipato cha chini, mchango haumwachi. Anayelipwa faranga 60,000 halipi kodi hata senti, lakini sasa anakatwa 3,600 za pensheni badala ya 1,800. Kwa kaya inayohesabu bei ya maharage na mafuta ya kupikia kila juma, 1,800 si fedha ya kupuuzwa.

Ghafi au mkononi?

Mzigo huangukia upande mmoja au mwingine kutegemea maneno yaliyoandikwa katika mkataba. Iwapo mkataba unataja mshahara ghafi, makato yakiongezeka mfanyakazi ndiye anayepungukiwa. Iwapo pande mbili zilikubaliana mshahara wa mkononi, mwajiri ndiye anayepaswa kuziba pengo, na kuliziba ni ghali kuliko linavyoonekana. Ili mfanyakazi wa mfano wetu arudi kwenye 168,553 alizokuwa akipokea, mshahara ghafi wake hauna budi kupanda kwa zaidi ya faranga 9,400, kwa kuwa zaidi ya theluthi ya kila faranga inayoongezwa huishia kwenye kodi na michango. Hapo ndipo mwajiri anapotafuta kuandika mkataba upya.

Si kila nchi ya eneo hili imegawa mzigo nusu kwa nusu. Nchini Uganda mchango wa hifadhi ya jamii ni asilimia 15, lakini mfanyakazi hutoa 5 na mwajiri 10. Tanzania inakusanya asilimia 20, kiwango kile kile ambacho Rwanda inakielekea, na kwa kawaida pande mbili hugawana sawa. Ulinganisho huo unaonyesha kwamba mgawo ni uamuzi wa kisera, na kila uamuzi una wa kuulipia.

Mshahara uliotangazwa

Akiba haiozi, walisema wahenga. Hata hivyo mchango wa pensheni nchini Rwanda haufanani na akiba ya benki. Pensheni haihesabiwi kwa kujumlisha fedha ulizotoa. Inategemea wastani wa mshahara uliotangazwa na miaka uliyochangia: asilimia 30 ya wastani huo kwa miaka 15 ya kwanza, na asilimia 2 kwa kila mwaka unaozidi. Kwa sababu hiyo, kuongezeka maradufu kwa mchango hakumaanishi kwamba pensheni ya mchangiaji nayo itaongezeka maradufu. Kwanza kunaupa mfuko uwezo wa kuendelea kulipa.

Kanuni hiyo ndiyo inayoufanya mshahara uliotangazwa kuwa jambo zito kuliko yote. Aliyechangia miaka 25 kwa wastani wa faranga 200,000 atapata nusu yake, yaani 100,000 kwa mwezi. Mwenzake aliyelipwa mshahara uleule, lakini mwajiri akatangaza 100,000 tu, atapata 50,000. Kadiri makato yanavyopanda, kishawishi cha kutangaza pungufu nacho kinapanda, na wakati mwingine mfanyakazi mwenyewe hukikubali kwa sababu kinamwongezea mkononi. Ni kinyume cha sheria, na hasara yake hujitokeza wakati mtu hana tena nguvu za kuifidia. Anayekwenda likizo ya uzazi huigundua mapema zaidi, kwani malipo yanayotoka kwenye mfuko nayo hufuata mshahara uliotangazwa.

Mageuzi ya 2025 yameziba mwanya mmoja: mchango wa pensheni sasa unahesabiwa kwa mshahara ghafi pamoja na posho ya usafiri, ambayo zamani iliachwa nje. Mwajiri hawezi tena kupunguza mchango kwa kuuhamishia mshahara kwenye posho hiyo.

Kabla ya nyongeza ya 2027, mwajiriwa ana mambo mawili ya kuhakikisha. La kwanza ni kama mkataba wake unataja mshahara ghafi au wa mkononi. La pili ni kama kiasi kilichoandikwa katika kumbukumbu za Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda kinalingana na anacholipwa. Kosa la mwezi uliopita hurekebishika kwa urahisi, lakini la miaka kumi iliyopita humtaka mzee atafute hati za mwajiri ambaye huenda amekwisha kufunga biashara.