Mlango wa Ukumbi na Karamu ya Mwana-Kondoo



Kazi ya kupiga picha za arusi za Wakristo wenzetu hapa Uingereza nimeifanya tangu siku za filamu, wakati mkanda mmoja ulitoa picha 36 tu na mpiga picha alihesabu kila alipobonyeza. Siku hizi kamera haina hesabu, lakini kazi ni ile ile: kutazama nyuso za watu. Imenifunza jambo moja juu ya mbinguni, na naomba nafasi katika kitabu chetu cha mwaka nilieleze.

Albamu ikifika nyumbani, iwe ni Moshi, Iringa au Voi, hakuna anayekawia kwenye keki wala kwenye gari lililopambwa. Wazee huishika ile picha ya watu wote iliyopigwa nje ya kanisa, wakaisogeza penye mwanga, wakaanza kuuliza: Huyu ni mtoto wa nani? Fulani yuko wapi? Mbona simwoni? Kinachotafutwa ni watu, na asiyeonekana huulizwa zaidi kuliko waliopo.

Hivyo ndivyo Maandiko yanavyotuonyesha mbinguni. Kitabu cha Ufunuo, sura ya 19, kinasimulia arusi ya Mwana-Kondoo. Na sura ya 7 inasimulia umati usiohesabika, wa kila taifa, kabila na lugha. Sisi tuliotawanyika, ambao mara nyingi mama mzazi wa bibi arusi hunyimwa viza akaifuata ibada kwa simu, tunapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Tunahubiriwa sana juu ya barabara za dhahabu, lakini mimi naamini furaha ya mbinguni ni kukutanika.

Basi, ikiwa arusi ni mfano wa mbinguni, mlango wa ukumbi wetu unafundisha nini? Utaratibu wote tunaujua: kamati hukaa, michango hupangwa, na asiyechanga hapati kadi. Mchana nampiga picha kijana akiimba kwayani. Usiku, ngoma zinapoanza, yuko kwenye basi akirudi chumbani kwake, kwa kuwa ni mwanafunzi na hakuwa na pauni za kuchanga. Sheria ya Ndoa ya England na Wales ya mwaka 1949 iliagiza kwamba ndoa katika jengo la ibada lililosajiliwa ifungwe milango ikiwa wazi, mbele ya mashahidi wawili au zaidi. Serikali imetaka mlango uwe wazi, nasi waumini, saa chache baadaye, tunaweka mtu wa kukagua kadi!

Najua nitakavyojibiwa. Ukumbi una idadi ya viti, chakula hulipiwa kwa kila kichwa, na pesa hazianguki kutoka mbinguni. Ni kweli, wala sisemi michango ikome, maana ni desturi njema iliyotubeba ugenini, katika arusi na katika misiba. Ninachokataa ni mchango kugeuzwa tiketi. Mwingine atanikumbusha yule mgeni wa Mathayo 22 aliyetupwa nje. Naam, alitupwa kwa kukosa vazi la arusi. Hakuna aliyemwuliza risiti. Tena katika Luka 14 Bwana aliagiza waalikwe wale wasio na cha kulipa.

Rai yangu ni ndogo. Kila kamati, kabla ya kugawa kadi, itenge meza moja kwa ajili ya wasio na uwezo: wanafunzi, wageni waliofika juzi, wanaosubiri karatasi zao, wazee wanaoishi peke yao. Bajeti isipotosha, keki na ipunguzwe ghorofa moja. Hakuna ndoa iliyovunjika kwa keki fupi.

Ninapowapanga watu kwa picha ya pamoja, huwaambia: usipoiona kamera, nayo haikuoni, sogea. Na kila mara yupo mtu aliyesimama pembeni, akidhani hahusiki, nami humwita aingie. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi yangu niipendayo kuliko zote, na sioni kwa nini iwe ya mpiga picha peke yake.